Je, Millet aliona dhiki tu shambani?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimeona picha iliyochorwa na mchoraji Mfaransa Jean-François Millet, wanawake watatu wameinama shambani. Mtu aliyeishi kijijini, penye miti na anga pana, kwa nini alituonyesha dhiki tu? Hakuona raha yoyote ya shamba?

JIBU: Marahaba. Picha hiyo inaitwa Des glaneuses, na aliionyesha Paris mwaka 1857. Wale ni waokota masazo. Wavunaji wakishamaliza, maskini waliruhusiwa kuokota masuke yaliyodondoka, kama Ruthu katika shamba la Boazi. Mtazame yule wa kushoto mwenye kitambaa cha buluu kichwani: mkono mmoja uko chini unaokota, mwingine ameukunja mgongoni. Aliyewahi kuinama kutwa nzima anaujua mkono ule. Kule nyuma, kwenye mwanga, yapo malundo ya mavuno, mkokoteni uliojaa, na nyapara juu ya farasi. Shibe ameichora ndogo, mbali. Wanawake hawa amewaleta mbele, wakubwa. Wahakiki kadhaa walikasirika, maana mapinduzi ya Ufaransa ya 1848, yaliyomwangusha mfalme, yalikuwa bado hayajasahaulika, na maskini kuchorwa wakubwa hivi kuliwatia hofu.

Hata hivyo, hilo la "dhiki tu" nalikataa. Millet alizaliwa 1814 katika kitongoji cha Gruchy, Normandy, akafanya kazi katika shamba la baba yake. Alipohamia kijiji cha Barbizon mwaka 1849, kando ya msitu wa Fontainebleau, jembe alikuwa analijua tangu utotoni.

Raha unayoitafuta imo katika Le Printemps, yaani Majira ya Kuchipua, picha aliyoagizwa na tajiri Frédéric Hartmann mwaka 1868, akaimaliza 1873. Mvua ndiyo kwanza imepita. Anga bado nyeusi, upinde wa mvua umetokeza, na jua limeipiga miti ya matunda iliyochanua hadi majani yanang'aa. Ukipitisha macho haraka utasema hakuna mtu. Tafuta vizuri chini ya mti, kwa nyuma: yupo, mdogo sana, amejikinga mvua. Ndipo utagundua kwamba hata njia ile ya katikati imekanyagwa na miguu ya watu, na miti ile ina mtu aliyeipanda. Mimi naipenda hii kuliko ile ya masazo.

Zote mbili ziko katika jumba la makumbusho la Musée d'Orsay, Paris. Ukijaliwa kufika, anza na Le Printemps, na usiondoke kabla hujamwona yule mtu.