Jibu: Fundi wa funguo wa kuaminika Kigoma

Pole sana dada yangu. Umesema umepoteza funguo za nyumba uliyopanga Gungu na hujui fundi gani umwamini. Usianze na namba iliyobandikwa kwenye nguzo. Nenda Mwanga mchana, tafuta fundi mwenye meza yake ya kudumu, kisha waulize wenye maduka jirani wanamfahamu tangu lini.

Bei mkubaliane kabla hajashika bisibisi, na usitume hela ya nauli kwa simu. Akifika tu na kusema kitasa lazima kitobolewe, mzuie. Fundi mzoefu hujaribu kwanza kukifungua bila kukiharibu. Mimi niliwahi kukubali haraka, nikanunua kitasa kizima wakati kitasa cha silinda hubadilishwa silinda peke yake, yaani kile kipande unachoingizia funguo. Na wewe ibadilishe hiyo silinda hata mlango ukifunguka vizuri, maana hujui aliyeokota funguo zako ni nani.

Siku ya kuchongesha nakala, simama hapohapo mpaka amalize. Usikubali kuambiwa "niachie, pitia jioni." Fundi makini naye atauliza kama kweli unaishi hapo. Usikasirike, mwite mwenye nyumba au mjumbe ashuhudie.