Pima Kwanza Ndipo Ufungue: Majibu kwa Wenye Pedi Zilizochoka

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya pedi, vile vishikio vya kuchezea gemu, za mashine ya PlayStation 2 (PS2). Mashine hizo bado zinachapa kazi majumbani na kwenye vibanda vya gemu, ilhali Sony waliacha kuzitengeneza zaidi ya miaka kumi iliyopita. Pedi halisi inayotupwa leo hairudi tena. Nyingi ninazoona zimetupwa hazikuuawa na uzee, zimeuliwa na mtu aliyeanza kutengeneza kabla hajajua kinachoumwa.

Pedi yangu ya PS2 haifanyi kazi. Nisaidie. (Msomaji, Mbeya)

Haifanyi kazi vipi? Ukibonyeza ANALOG taa nyekundu inawaka? Batani zote zimegoma au mbili tatu? Ukiichomeka tundu la pili hali inakuwaje? Maswali ya aina hii yanakuja kila mara na siwezi kuyajibu. Rudi na hayo matatu.

Shikamoo fundi. Mchezaji anakwenda kushoto mwenyewe hata sijagusa analogi. Nilipulizia WD-40 ikatulia siku mbili, sasa imekuwa balaa. (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Hiyo WD-40 ndiyo iliyokufikisha hapo, na wengine wanaotaka kuipulizia leo wasome hapa kwanza.

Chini ya kila analogi, yaani kijiti cha kidole gumba, kuna potensiomita mbili ndogo, jamaa wa zile ambazo mafundi redio huziita voliyumu. Moja inasoma kushoto na kulia, nyingine juu na chini. Ndani ya kila moja kuna mstari wa kaboni uliopinda, na juu yake kinatambaa kidole chembamba cha chuma. Kwa kuwa analogi hukaa katikati muda mwingi na kuanzia hapo kila safari, kaboni hulika zaidi pale pale katikati, na vumbi lake hukaa hapo hapo. WD-40 inaosha grisi nyembamba iliyowekwa kiwandani, inasogeza vumbi, mambo yanaonekana safi. Baada ya siku mbili mafuta yaliyobaki yanageuza vumbi la kaboni kuwa tope, na tope hilo linapitisha umeme mahali pasipotakiwa.

Kabla ya kufungua, pima. Tafuta adapta ya USB ya pedi za PS2, chomeka kwenye kompyuta, fungua programu yoyote ya kujaribu pedi. Kila mhimili wa analogi unasomeka kuanzia 0 hadi 255 na katikati ni 128 hivi. Sukuma analogi kushoto kisha iachie, soma namba. Sukuma kulia, iachie, soma tena. Namba zikitulia lakini zinatofautiana sana kila upande ulikotoka, springi na plastiki ya kati zimelegea. Namba ikirukaruka wakati hujagusa kitu, kaboni ni chafu au imelika. Hizo ni tiba mbili tofauti, na ndiyo maana nasema pima.

Kama ni kaboni, anza na kusafisha. Kifuniko cha potensiomita kimeshikwa na vikucha vidogo ubavuni mwa kisanduku cha analogi. Kiachishe taratibu kwa bisibisi bapa nyembamba, kiinue kidogo tu bila kuvunja miguu yake mitatu iliyosoldwa kwenye bodi. Futa mstari wa kaboni kwa pamba ya masikio yenye isopropili (alkoholi ya kusafishia) ya asilimia 90 au zaidi, pita juu mara mbili tatu bila kukandamiza. Wewe uliyekwisha kutia mafuta itakubidi urudie mpaka pamba itoke safi. Kisha tazama kidole cha chuma: kama kimelala, kiinue kwa ncha ya sindano kiasi cha unene wa karatasi. Usikwangue kaboni kwa msasa. Kaboni hiyo ni rangi iliyopakwa tu, ukiikwangua umemaliza kazi.

Ikiwa katikati pamekwishachimbika mfereji unaoonekana kwa macho, kusafisha hakutasaidia. Hapo hamisha. Kwenye michezo ya mpira analogi ya kushoto inateswa kuliko ya kulia, kwa hiyo potensiomita za kulia za pedi hiyo hiyo mara nyingi bado zina uhai. Hakikisha zinafanana umbo na miguu, kisha zibadilishane. Ongeza kwanza risasi mpya kidogo ya kusoldea kwenye kila mguu ndipo uinyonye kwa pampu, kwa sababu risasi ya zamani peke yake inang'ang'ania. Solda ikae kwenye nyuzi 350 hivi, na usiikandamize mguu mmoja zaidi ya sekunde 3 au 4. Ukizidisha, duara la shaba linabanduka kutoka kwenye bodi, na kuanzia hapo unaunganisha kwa nyaya za kuokoteza.

Ukiwa na mita ya kupimia umeme na potensiomita imetolewa kwenye bodi, miguu ya pembeni isome karibu kiloomu 10, na wa kati usome nusu ya hapo analogi ikiwa katikati. Ukipima ikiwa bado imesoldwa, sakiti nyingine zinachanganya hesabu.

Sanitaiza inafaa kusafishia bodi? (Msomaji, Mombasa)

Hapana. Ina maji na gliserini, inaacha utando unaonata. Spiriti ya kidonda nayo mara nyingi ni asilimia 70, iliyobaki ni maji. Petroli na asetoni zinayeyusha plastiki.

Fundi, batani ya pembetatu, duara na R1 zinakufa kwa pamoja. Nikiibana pedi katikati zinarudi. Nimeshanunua raba mpya za chini ya batani, hakuna mabadiliko. (Msomaji, Morogoro)

Umenipa dalili nzuri, ila raba ulinunua bure. Batani tatu zisizohusiana haziwezi kuchoka siku moja. Zikifa pamoja na kufufuka kwa kubanwa, kosa liko mahali nyaya zake zinapokutana.

Ndani ya pedi halisi ya PS2 batani hazigusi bodi moja kwa moja. Zinagusa flekisi, karatasi ya plastiki yenye mistari ya kaboni. Mkia wa flekisi hiyo una vipande vyeusi vilivyopangwa kama meno ya kitana, na vinalala juu ya vipande vinavyofanana navyo kwenye bodi. Haujasoldwa wala hauna plagi. Kinachoushikilia ni mgandamizo tu, na mgandamizo unatoka kwenye kipande kidogo cha sponji kilicho chini yake. Miaka ishirini ya joto na jasho la viganja imekilaza kikawa kama karatasi.

Fungua skrubu zote za nyuma pedi ikiwa imelala kifudifudi, la sivyo batani zitamwagika. Inua mfuniko, kisha inua bodi polepole huku ukiangalia nyaya za mota mbili za mtetemo zisikatike. Utaona mkia wa flekisi na sponji yake. Ng'oa sponji ya zamani na gundi yake yote. Futa meno ya flekisi na ya bodi kwa isopropili, pamba ikielekea upande mmoja tu, kwa sababu ukisugua huku na huku unabandua kaboni. Acha pakauke.

Sponji mpya ikatwe kwa urefu na upana ule ule wa zamani, unene wake uzidi wa ile iliyolala kwa milimita 1 hivi. Tepu ya sponji yenye gundi inafaa. Ukiikosa, kata mpira wa tyubu ya baiskeli, tabaka moja kwanza, jaribu, ongeza la pili ikibidi. Karatasi iliyokunjwa ambayo wengi huipachika hapo hunywa jasho na kulala tena baada ya wiki chache. Na usidhani kinene zaidi ni bora zaidi: kikizidi bodi inapinda, nguzo za skrubu zinapasuka, na batani zinaanza kujibonyeza zenyewe. Unaporudisha, kaza skrubu za katikati kwanza, ndipo za pembeni, na usikaze kwa hasira.

Kwa wote: batani zinazojibonyeza zenyewe kwenye PS2, kabla hujalaumu kitu kingine, angalia sponji hii.

Je, kupaka penseli kwenye raba za batani kunasaidia? Na vipi foili ya sigara? (Msomaji, Nakuru)

Penseli inasaidia kidogo na kwa muda mfupi. Ile si grafaiti tupu, imechanganywa na udongo, na vidole vitaifuta. Kwanza pima: gusisha ncha zote mbili za mita kwenye doa jeusi la raba, zikiachana milimita 2 au 3. Ikisoma omu mia kadhaa kushuka chini, raba ni nzima na wewe unatibu usipoumwa. Ikisoma maelfu mengi, imechoka. Tiba ya kudumu zaidi ni rangi ya grafaiti inayopitisha umeme, tabaka moja jembamba, ikauke usiku mzima, au raba kutoka pedi nyingine.

Foili naipinga kabisa kwa PS2. Batani zake zinapima nguvu ya kidole: ukikandamiza zaidi, kaboni ya raba inatandaza zaidi juu ya flekisi na ukinzani unashuka. Ukibandika foili, mguso mdogo tu unasomeka kama umebonyeza hadi mwisho. Kwenye mpira huenda usijue, maana nguvu ya shuti inahesabiwa kwa muda unaoshikilia batani. Kwenye mchezo wa magari wa Gran Turismo 3 utajua kona ya kwanza tu, gari halitakubali kukanyagwa mafuta nusu. Halafu kingo za foili zinachuna flekisi, na flekisi ikichunika raba yoyote haitasaidia.

Pedi inazima na kuwaka nikichezesha waya karibu na shingo. Nikate? (Msomaji, Dodoma)

Kata, lakini pima kwanza ujue ni uzi gani. Weka mita kwenye mlio (pale inapolia umeme ukipita), ncha moja kwenye pini ya plagi, nyingine mahali uzi unapoingia kwenye bodi, na uchezeshe shingo. Kwenye waya wa Sony rangi ni hizi: nyekundu ni umeme wa volti 3 na nusu hivi, nyeusi ni hasi, kijivu au zambarau ni umeme wa mota, kahawia na chungwa ni data ya kwenda na kurudi, njano inaiita pedi, buluu ni saa (mapigo yanayopanga mwendo wa data), kijani ni jibu. Nyeupe haina kazi kwenye pedi. Kwa pedi feki usiamini rangi yoyote, fuata pini.

Kata sentimita 5 nyuma ya mvunjiko, umenye, solda uzi mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na mpira wake wa kuhami. Kupindana nyuzi na kufunga selotepu sikukubalii. Nyekundu ikigusana na nyeusi, au umeme wa mota ukigusa hasi, fyuzi ndogo iliyo ndani ya mashine kwenye umeme wa matundu ya pedi inakatika. Baada ya hapo kila pedi utakayochomeka itaonekana imekufa, na utaanza kutupa nzima. Kabla ya kuchomeka, pima nyekundu na nyeusi: mita isilie.

Pedi ya gemu la Kichina ina plagi ya pini 9 inayofanana na ya Sega Mega Drive. Naweza kuihamishia huko? (Msomaji, Kisumu)

Hapana. Plagi inafanana, pini zimepangwa tofauti. Unaweza kuupeleka umeme kwenye pini isiyostahili.

Niko Muscat, nina Nintendo 64. Analogi imelegea kama jino bovu na ndani kuna unga mweupe. Ninunue potensiomita? (Msomaji, Oman)

Usinunue, hazimo humo. Analogi ya Nintendo 64 inasomwa kwa magurudumu mawili yenye matundu yanayokatiza mwanga. Huo unga mweupe ni plastiki yenyewe: ncha ya chini ya kijiti inasaga bakuli inapokalia, na matao mawili yanayoendesha magurudumu yanasagika kwenye nafasi zake. Safisha unga wote kwa sababu unasaga zaidi, kisha badilisha bakuli, matao na kijiti kwa pamoja, usichanganye kipya na kilicholika. Paka grisi ya silikoni inayofaa plastiki, kiasi cha kichwa cha pini. Grisi peke yake hairudishi plastiki iliyokwishaliwa, wala usitie ya gari.

Jambo jingine: mashine hiyo inachukua mahali kijiti kilipo wakati wa kuwasha kuwa ndiyo katikati. Ukiwasha huku umekisukuma, mchezaji atatembea mwenyewe. Achia kijiti, bonyeza L, R na Start kwa pamoja. Fanya hivi kabla ya kufungua chochote.

Kwa nini nihangaike wakati pedi mpya zinauzwa bei chee? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kwa sababu nyingi si za Sony, hata ziwe na nembo na namba SCPH-10010 mgongoni. Nembo inachapwa na yeyote. Fungua moja: ukikuta raba zinagusa kaboni iliyochapwa juu ya bodi yenyewe, bila flekisi, ni feki, na kwa kawaida haipimi nguvu ya kidole. Analogi zake zinachoka mapema. Mwenye kibanda anayenunua hizo kila baada ya miezi michache anatumia fedha nyingi kuliko anayetengeneza halisi. Na pedi halisi iliyokufa usiitupe: ina potensiomita, raba, flekisi, mota na waya ambavyo hakuna kiwanda kinachovitengeneza sasa kwa ubora ule.

Mtetemo umeacha upande wa kushoto, kulia bado unafanya kazi. (Msomaji, Bukavu)

Basi umeme wa mota unafika na waya ni mzima, usiukate. Kushoto ndiko kuliko na mota kubwa. Angalia nyuzi zake mbili zinapoingia kwenye bodi, mara nyingi mmoja umeng'oka kwa sababu mtu alishawahi kufungua pedi akavuta bodi. Zikiwa nzima, zungusha uzito wa mota kwa kidole: ukizunguka bila mhimili kuzunguka nao, umelegea, ubandike kwa tone dogo la gundi kali lisifike kwenye mwili wa mota. Ukiwa mgumu kuzunguka, kuna nywele au uzi umejisokota hapo. Utoe kwa kibano.