Kiapo cha ukweli kwa wagombea: je, sahihi inazuia uongo?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni katibu wa kikundi cha vijana huku Kilifi. Tunataka wagombea wote wa MCA kwenye wadi yetu wasaini kiapo cha kusema ukweli kabla kampeni za 2027 hazijapamba moto. Kuna mkufunzi ametuambia sayansi imethibitisha mtu akisaini juu ya fomu, kabla hajajaza, hadanganyi. Anataka 80,000 atuletee semina na fomu zenyewe. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Msimlipe. Kila siasa ikikaribia naletewa swali hili, ni sahihi ile ile ya juu ya fomu, na kila mara kuna mtu anaiuza.

Huo utafiti ulikuwepo. Ulitoka 2012 kwenye jarida kubwa la Marekani linaloitwa PNAS, na kilichoupa jina ni data za kampuni ya bima ya magari: wateja waliandika wenyewe gari imetembea maili ngapi, ikadaiwa waliosaini juu ya fomu waliandika maili nyingi kuliko waliosaini chini, yaani walisema ukweli zaidi, manake ukiandika maili chache bima inakuwa ya bei rahisi. Ukaenea dunia nzima. 2020 watafiti wale wale wakaurudia na watu wengi zaidi, wakakosa tofauti yoyote, wakaandika hivyo wenyewe. 2021 watafiti wengine wakafungua lile faili la bima wakakuta namba zimetungwa: magari yaliyotembea kidogo sana na yaliyotembea sana idadi yao karibu sawa, halafu ikifika maili 50,000 ghafla hakuna gari tena. Muulize dereva yeyote wa matatu kama magari hutembea hivyo. Septemba mwaka huo jarida likaufuta. Imepita miaka na bado mtu anakuja Kilifi kuuza kitu kilichofutwa, na hilo linaniudhi sana, kwa sababu anayetozwa ni vijana waliochangishana.

Na kabla hajahamia kwenye Biblia na Msahafu: 2008 ulitoka utafiti mwingine uliosema wanafunzi wakikumbushwa Amri Kumi kabla ya zoezi la hesabu wanaacha kudanganya. 2018 maabara nyingi za nchi mbalimbali ziliurudia kwa pamoja, haukusimama. Sisemi dini haimshiki mtu, inamshika, lakini hiyo ni kazi ya miaka, sio dakika mbili jukwaani.

Kosa lenyewe ni kuamini kwamba mwanasiasa anadanganya kwa sababu amesahau kuwa mkweli, basi akumbushwe. Hajasahau! Anadanganya kwa sababu uongo unalipa, anapigiwa vigelegele leo na hakuna atakayerudi kesho kumuuliza. Kila mgombea tayari anafungwa na kanuni za maadili za uchaguzi, sahihi anaweka, umeona zimembadilisha nani?

Kitu chenye ushahidi angalau kidogo ni hiki. 2012 watafiti Brendan Nyhan na Jason Reifler walichukua wabunge 1,169 wa majimbo tisa ya Marekani, majimbo ambayo PolitiFact, watu wa kuhakiki kauli za wanasiasa, walikuwa na ofisi. Kundi moja likapelekewa barua kwamba mnaangaliwa, na ukikamatwa na uongo jina lako litaharibika na kura utapoteza. Hakuna kiapo hapo. Waliopata barua wakawa na nafasi ndogo zaidi ya kukutwa na kauli za uongo. Tofauti sio ya kutisha, na wabunge wengi hawakuhakikiwa kabisa, kwa hiyo msije mkaifanya muujiza. Ila inaonyesha kinachomgusa mwanasiasa ni nini.

Kwa hiyo fomu yenu mkitaka wasainisheni wagombea, lakini kazi iko baada ya sahihi. Mwandikieni kila mgombea mapema kwamba mtarekodi mikutano yake, mtahakiki anachosema kuhusu barabara, maji na basari, na kila mwezi mtasoma majibu barazani kwa jina na tarehe. Wote, hata yule mnayempenda, manake siku mtakapomruka mmoja watu watasema mmenunuliwa na hapo mmekwisha. Aliyesema kweli naye atajwe. Na mkisahihisha uongo anzeni na ukweli wenyewe, msiuweke uongo kwenye kichwa cha habari, kwa sababu kitu kikirudiwa rudiwa akili inakizoea na kukiona cha kweli, hilo limejulikana tangu 1977 na limerudiwa mara nyingi likasimama.

Hawa wa semina hawaishii kwenye siasa. Mwingine atakuuzia kumjua mwongo kwa macho, anatazama kulia au kushoto, mwingine mtihani wa kumpima mfanyakazi wa nyumbani kama ni mwizi, na kuna watu wamefukuzwa kazi kwa upuuzi huo. Mtu akikwambia sayansi imethibitisha muulize nani aliurudia huo utafiti na akapata nini, akianza kukuonyesha cheti chake na picha na waheshimiwa ondoka hapo.

Hiyo 80,000 nunueni bando, kodini spika ya baraza, na mumlipe kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri awe anaandika tarehe, mahali na maneno yenyewe kama yalivyosemwa.