Maswali na Majibu: Kuomba Nafasi ya Kusomea Udaktari wa Mifugo

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, barua zinazouliza habari za kusomea udaktari wa mifugo huongezeka. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi, nikazifupisha bila kubadili kiini chake.

Swali: Shikamoo daktari. Mimi niko kidato cha nne wilayani Kahama na nataka kuwa daktari wa mifugo. Nichague PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) au CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia)?

Marahaba, mwanangu. Nguzo za fani hii ni Biolojia na Kemia, na tahasusi zote mbili ulizozitaja zinazo. Kinachotofautiana ni somo la tatu, na kuhusu hilo unapaswa kusoma mwongozo wa udahili unaotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), kwa sababu ndio unaoeleza somo gani linakubalika na kwa kiwango gani katika mwaka utakaoomba. Usitegemee maneno ya kaka aliyeomba miaka mitano iliyopita, hata kama alifanikiwa.

Kwa hesabu ya jumla, alama A huhesabiwa pointi 5, B pointi 4, C pointi 3, D pointi 2 na E pointi 1, na kiwango cha chini cha kuingia shahada yoyote nchini ni pointi 4 kutoka katika masomo mawili yanayotakiwa na programu husika. Hicho ni kizingiti cha mlangoni tu. Waombaji hushindanishwa, na mwenye D mbili hawezi kukaa na matumaini yaleyale aliyonayo mwenye B mbili. Ukiniuliza maoni yangu, ningekushauri uchague PCB endapo Fizikia huipati kwa machozi, kwa kuwa utakutana nayo tena kwenye picha za eksirei na katika kuelewa msukumo wa damu. Lakini ikiwa Fizikia itakula muda wako wote hata Kemia ikaporomoka, CBG yenye alama nzuri itakufikisha mbali kuliko PCB yenye E tatu.

Chuo utakachokifikiria kwanza ni Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ambako madaktari wa mifugo wamekuwa wakifundishwa tangu mwaka 1976, wakati huo kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilisimama chenyewe mwaka 1984 na kupewa jina la Edward Moringe Sokoine, waziri mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari mkoani Morogoro mwaka huohuo, naye alikuwa mtoto wa wafugaji wa Monduli. Mimi huona jina hilo linastahili mahali hapo. Shahada yenyewe huchukua miaka mitano na hujulikana kwa kifupi kama BVM (Bachelor of Veterinary Medicine).

Swali: Nilitaka udaktari wa binadamu lakini alama zangu hazikutosha. Ndugu wananiambia niombe udaktari wa mifugo ili nisikae nyumbani. Je, ni uamuzi mzuri?

Swali hili hunijia kila mwaka na kila mwaka hunisikitisha, si kwa sababu ya anayeuliza, bali kwa sababu ya wanaomshauri kana kwamba wanyama ni mahali pa kujishikiza. Naomba nikueleze unachokwenda kukisoma, kisha uamue mwenyewe.

Daktari wa binadamu husoma mwili wa kiumbe mmoja. Wewe utasoma ng'ombe mwenye tumbo la vyumba vinne, farasi asiyeweza kutapika, mbwa, paka, nguruwe, mbuzi, na kuku anayesaga chakula chake kwa firigisi kwa sababu hana meno. Dawa inayomponya mmoja inaweza kumuua mwingine. Parasetamoli ambayo mama yako hukupa ukiwa na homa ni sumu kwa paka, na kidonge kimoja tu chaweza kumwua. Ukimdunga ng'ombe wa maziwa antibayotiki, ni lazima umwambie mwenye ng'ombe ni siku ngapi asiuze wala kunywesha watoto maziwa hayo, na usipomwambia, kosa lako litaishia kwenye vikombe vya watu usiowajua. Hayo yote hufundishwa katika miaka mitano, ambayo miwili ya mwanzo hujaa anatomia, fiziolojia na biokemia, ikifuatiwa na patholojia, vimelea, vijidudu na elimu ya dawa, hadi kufikia upasuaji, uzazi, tiba na ukaguzi wa nyama. Aliyekuja kwa kujishikiza huchoka katika mwaka wa pili, mbele ya mzoga wa ng'ombe uliohifadhiwa kwa formalini inayowasha macho.

Tena usidhani kwamba ukitibu wanyama utakuwa umewaacha watu. Mwishoni mwa mwaka 2006, baada ya mvua kubwa, homa ya Bonde la Ufa ililipuka kaskazini mashariki mwa Kenya na mapema mwaka 2007 ikaingia Tanzania, ambako mkoa wa Dodoma uliumia sana. Katika ugonjwa huo dalili inayojitokeza mifugoni ni mbuzi, kondoo na ng'ombe kutupa mimba kwa wingi katika kipindi kifupi, na mtu wa kwanza mwenye ujuzi wa kuitambua dalili hiyo ni daktari wa mifugo aliyeko kijijini, kabla wodi za hospitali hazijajaa. Kimeta, brusela, kichaa cha mbwa na kifua kikuu cha ng'ombe navyo hupita njia hiyohiyo, kutoka kwa mnyama hadi kwa mtu.

Yupo pia adui mmoja ambaye fani hii ilimmaliza kabisa. Sotoka, iliyofagia ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 na kuwaacha Wamasai wengi wakifa kwa njaa, ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imetokomezwa duniani, na chanjo iliyofanya kazi kubwa katika vita hivyo ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake Muguga, karibu na Nairobi. Magonjwa yaliyotokomezwa kabisa na binadamu ni mawili tu, ndui na huo.

Sasa nakujibu. Ikiwa ukiyasoma haya moyo unakusogeza mbele, omba, na uiweke iwe chaguo lako la kwanza. Ikiwa bado unaona ni fidia ya ulichokikosa, fikiria uuguzi, maabara ya tiba au famasia, ambako utakuwa karibu na wagonjwa uliowataka. Wafugaji wa nchi hii wana ng'ombe zaidi ya milioni 30 na hawana haja ya daktari anayewatazama kwa kinyongo.

Swali: Mimi ni mzazi wa Simanjiro. Binti yangu anataka fani hii, lakini wazee wanasema mwanamke hawezi kumzalisha ng'ombe, atazidiwa nguvu. Wewe unasemaje?

Mzee wangu, nawaheshimu wazee hao, maana wamezalisha ng'ombe wengi kabla sijazaliwa. Hata hivyo, wao wenyewe wanajua kwamba ndama akikwama, tatizo mara nyingi huwa ni mkao wake: kichwa kimegeuka nyuma, au goti limekunjwa. Hapo hata wanaume sita wakivuta, watamwumiza mama na kumwua ndama. Kinachotakiwa ni ng'ombe afungwe vizuri kwenye kibanio, achomwe sindano ya ganzi kati ya pingili za mkia, karibu na shina lake, ili aache kusukuma, kisha ndama arudishwe ndani kidogo kwa mkono uliopakwa mafuta ya kutosha, mkao wake urekebishwe, na ndipo kamba zifungwe miguuni na avutwe taratibu kwa kufuata msukumo wa mama. Kazi hiyo hutaka subira na vidole vinavyojua vinachokigusa. Kwa mbuzi na kondoo, mkono mwembamba ni neema, na nimewahi kushuhudia mara nyingi mwenye mkono mpana akishindwa na mwenzake mwanamke akafaulu.

Jambo moja tu nakuomba umsisitizie binti yako tangu sasa, na hili ni kwa mwanamume na mwanamke sawasawa: asiguse kondo la nyuma wala mimba iliyotupwa bila glovu ndefu, hata kama nyumbani kwenu mmezoea kuvishika kwa mikono mitupu. Brusela haina heshima kwa mtu aliyezaliwa zizini.

Swali: Nina stashahada ya afya ya wanyama kutoka LITA, Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, na nimefanya kazi kijijini miaka minne. Naweza kuingia shahada bila kurudia kidato cha sita?

Ndiyo, mlango huo upo, nami hufurahi kila ninapomwona mtu akiupita, kwa sababu mwanafunzi aliyekwisha kuogesha ng'ombe kwenye josho na kuchanja kuku dhidi ya mdondo huwa anajua maswali ya kuuliza darasani. Kiwango cha jumla kwa wenye stashahada ni wastani wa GPA usiopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, ingawa programu yenyewe inaweza kutaka zaidi ya hapo. Utahitaji pia namba ya uthibitisho wa tuzo, ile inayoitwa AVN, kutoka NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi. Ishughulikie mapema, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa, kwa kuwa wengi hukwama hapo wakiwa na sifa zote.

Nikuongezee kwamba chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, kazi unazoruhusiwa kufanya ukiwa mtaalamu msaidizi si zile za daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Shahada itakupanulia mipaka hiyo, lakini hata baada ya kuipata, hutaanza kutibu kwa jina la daktari hadi usajiliwe.

Swali: Kuna tofauti gani kati ya fani hii na shahada ya sayansi ya wanyama?

Sayansi ya wanyama inahusu ulishaji, uzalishaji, uboreshaji wa koo na uendeshaji wa shamba, na huchukua miaka mitatu. Haikupi haki ya kufanya upasuaji wala kusajiliwa kuwa daktari. Ni fani njema kwa anayependa uzalishaji, ila soma jina la programu mara mbili kabla ya kubonyeza, kwa sababu wapo wanaogundua wakiwa wamekwisha kuanza masomo kwamba waliomba kitu kingine.

Swali: Familia yetu haina uwezo. Mkopo ninauombaje, na kosa gani nijihadhari nalo?

Ombi la mkopo ni jambo tofauti na ombi la chuo. Hulipeleki chuoni, bali Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, kupitia mfumo wake wa mtandaoni, ukitumia namba ya mtihani wa kidato cha nne ileile uliyoombea chuo. Ukitumia namba mbili tofauti, mifumo haitakutambua kuwa mtu mmoja. Cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kithibitishwe na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, kwa waliozaliwa Tanzania Bara, na kwa yatima cheti cha kifo cha mzazi nacho huthibitishwa vivyo hivyo. Angalia majina yako herufi kwa herufi: cheti cha kuzaliwa kikisema Mohamed na cha shule kikisema Muhammad, anza kulirekebisha leo.

Ukipata mkopo, soma mgawanyo wake, maana chakula na malazi, ada, vitabu, mahitaji maalumu ya kitivo na mafunzo kwa vitendo huhesabiwa kila kimoja peke yake. Nao ni deni. Ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi itakatwa hadi liishe.

Udahili nao una jambo moja linalowaponza wengi. Ukichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, ni lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu yako ndani ya muda uliotangazwa. Kwa hiyo usijaze namba ya simu ya jirani, wala usibadilishe laini katika kipindi hicho.

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne kaunti ya Trans Nzoia, Kenya. Je, kwetu utaratibu ni huohuo?

Hapana, kwenu hakuna kidato cha tano na cha sita, bali maombi hupitia KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo, baada ya matokeo ya KCSE, mtihani wenu wa kidato cha nne, na wastani wa C+ ndio kizingiti cha shahada. Baiolojia na Kemia bado ndizo zenye uzito, na kwa kuwa mnashindanishwa kwa pointi za kundi la masomo, usiyadharau Fizikia na Hisabati. Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha fani hii katika kampasi yake ya Kabete, na Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro nacho kinaifundisha. Anayefikiria kuvuka mpaka, kwa mfano kwenda Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda, aulize kwanza bodi ya nchi atakayofanyia kazi kama itaitambua shahada hiyo. Aulize kabla ya kulipa ada.

Swali: Nimechaguliwa na nimethibitisha nafasi yangu. Nifanye nini katika wiki zilizobaki kabla ya chuo kufunguliwa?

Hongera sana. Kwanza, uliza chuoni kwako utaratibu wa chanjo ya kichaa cha mbwa, ile inayotolewa kabla mtu hajang'atwa, kwa kuwa utashika mbwa na paka usiojua walikotoka, na dalili za ugonjwa huo zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Pili, tafuta buti za mpira na ovaroli imara. Vifaa vya kupasulia subiri uelekezwe na walimu, usije ukanunua visivyotakiwa.

Tatu, nenda kwenye machinjio ya wilaya yako, jitambulishe kwa mkaguzi wa nyama, umwombe usimame kando yake kwa siku tatu au nne. Mwombe akuonyeshe ini lenye minyoo bapa, pafu lililoshikamana na mbavu kwa homa ya mapafu, na tezi zenye uvimbe wa kifua kikuu, kisha uziguse ukiwa umevaa glovu huku akikueleza kwa nini hiki kinatupwa na kile kinapita. Fika kabla ya alfajiri, kwa sababu jua likishapanda kazi huwa imekwisha na nyama iko njiani kwenda buchani.