Dar bila mall: anzia Kariakoo

We uliyeuliza una siku mbili Dar na hutaki mall, unataka vijiduka na msosi wa bei poa, panda mwendokasi (mabasi ya haraka) ushuke Gerezani, kituo cha Kariakoo, asubuhi kabla jua halijakaa sawa maana saa sita Mtaa wa Kongo haupitiki, watu, mikokoteni, bodaboda, kila mtu anakwambia "karibu anti" hata kama we ni mwanaume 😂. Usinunue duka la kwanza, uliza bei, cheka, ondoka taratibu, utaitwa tu. Simu iwe mfuko wa mbele.

Nguo za mitumba sogea Karume, si mbali, ila uende mapema wakati wanafungua bale (marobota ya nguo), zile nzuri wenyewe wanaita grade one, saa tisa unakuta yaliyobaki ni makoti ya baridi ya Ulaya.

Kula kwa mama ntilie, angalia kwenye foleni ya wapagazi na madereva, hao hawakosei. Wali maharage na mchicha, ndizi pembeni, ukiomba "niongezee mchuzi mama" anakumwagia bila kinyongo. Jioni shuka Feri, soko la samaki, kwa samaki wa kukaanga na supu ya pweza, kikombe kidogo, ndimu na pilipili, unakunywa umesimama.

Siku ya pili Mwenge kwa vinyago, unawaona wanachonga hapohapo, na picha za kuchorwa za mtindo wa Tingatinga ziko Oysterbay karibu na Morogoro Stores. Posta, katikati ya jiji, mi ningeruka, labda upite Kisutu kula kachori.