Re: Betri ya chuma, volti inaporomoka nikiweka mzigo

Habari mkuu. Nimekuelewa hivi, betri yako ya kloridi ya chuma bila mzigo inasoma freshi, ukiunganisha taa tu volti inaanguka, na membreni, ule utando unaotenganisha upande wa chanya na wa hasi, imegeuka rangi ya kutu.

Kabla hujanunua membreni nyingine pima pH (kipimo cha ukali wa asidi, namba ikipanda asidi imepungua) pande zote mbili, pima na baada ya kuchaji, maana upande wa hasi unatoa hewa ya haidrojeni, asidi inapungua kidogo kidogo wala huoni, pH ikifika 3 hivi ile feriki, yaani chuma kilichoyeyuka chenye chaji +3, inayovuka kutoka upande wa chanya inaganda kuwa tope la kahawia na inaziba membreni. Ila usimwage asidi kama unapika pilau la harusi, ikizidi haidrojeni ndo inatoka kwa fujo na chuma kwenye bamba kinaliwa. Mi naiacha kwenye 2.

Halafu maji. Kama umechanganyia ya bomba la hapa Dodoma, angalia ukoko mweupe kwenye birika lako, ndo hiyo kalsiamu inakalia nafasi za haidrojeni kwenye membreni, ukinzani unapanda na volti inaanguka ukiweka mzigo. Tumia maji ya betri, yale ya kuongezea sio asidi. Membreni iloweke usiku kucha kwenye haidrokloriki nyepesi, usuuze. Asidi ya betri hapana, hiyo ni salfuriki, salfeti yake na kalsiamu zinakutengenezea jipsam humo ndani, hii hii ya Itigi.

Hukutaja membreni yako inapitisha ioni (chembe zenye chaji) chanya au hasi. Kama ni hasi, habari ya kalsiamu haikuhusu sana, komaa na pH.