Jibu: apt inagoma kila umeme ukirudi

Mkuu wa Nachingwea, umesema kila umeme ukikatika na kurudi, deskitopu yako yenye mfumo wa Ubuntu inagoma kwenye "sudo apt update" (apt ndiyo programu ya kusakinisha na kusasisha programu nyingine), eti faili la Release inaloshusha toka kwenye seva bado halijaanza kutumika. Usilaumu bando. Andika "timedatectl" utazame saa. Naona kabisa utakuta imerudi nyuma miaka. Faili hilo limeandikwa tarehe, na apt ikiona tarehe iko mbele ya saa yako, inalikataa.

Ukiwa na intaneti, piga "sudo timedatectl set-ntp true" ili mashine ichukue saa toka mtandaoni, subiri kidogo, rudia "sudo apt update".

Lakini hiyo ni panadol tu. Kinachokufa ni kibetri cha kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) kinachoendesha saa umeme usipokuwepo, mara nyingi aina ya CR2032. Zima mashine, chomoa waya, kitoe, nenda nacho kwa mafundi saa Lindi au Mtwara mjini mlinganishe upate kipya cha aina hiyo.

Umeme ukikatika katikati ya kusakinisha, hapo ni "sudo dpkg --configure -a" kumalizia kilichokatikia njiani, kisha "sudo apt --fix-broken install". Wanaokwambia ufute faili la lock (linalozuia apt mbili zisifanye kazi kwa pamoja) waache kwanza, huenda apt nyingine bado iko kazini.